Kaseti, santuri na flashi: kipi kiokolewe kwanza Tanga

Kabati la muziki la familia nyingi za Ngamiani, Chumbageni na Makorora lina mchanganyiko wa aina moja: kaseti za arusi na za taarabu ndani ya boksi la viatu, sahani chache za santuri za mizunguko 45, mfuko wa CD zilizochomwa vibandani, na flashi mbili tatu ambazo hakuna anayekumbuka zina nini. Akitokea kijana wa nyumbani akasema haya tuyaokoe kabla hayajapotea, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye sahani. Anaona ndizo kongwe, kwa hiyo ndizo zitakazokufa kwanza.

Mambo ni kinyume chake. Sahani ya mwaka 1968 ambayo haikukwaruzwa wala kupinda kwa joto itakaa miaka 50 mingine kabatini bila kudai chochote. CD iliyochomwa mwaka 2006 huenda imekwishakufa, na kwa macho inang'aa kama siku iliyotoka kibandani. Kwa hiyo foleni ya uokoaji inaanzia kwa vipya: kwanza flashi na CD za kuchoma, kisha kaseti, na santuri mwishoni.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu neno "kuhifadhi muziki" limebeba vitu vitatu kwa pamoja. Kuna chombo kinachobeba sauti, kuna mashine inayokisoma, na kuna sauti yenyewe. Kila kimoja kina ajali yake na wakati wake. Kwa CD ya kuchoma, chombo hufa kabla ya mashine. Kwa kaseti, mashine hufa mapema sana na chombo kinabaki kizima kikisubiri. Kwa santuri, chombo hakifi chenyewe, huuawa na sindano mbovu. Ukilijua hilo, utajua pia pesa yako iende wapi.

Kwa Tanga jambo hili lina uzito wake. Mji huu ulikuwa na Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi. Sahani zao nyingi zilitolewa na kampuni zilizokuwa Kenya, na bendi ziliporekodi Radio Tanzania sauti zilibaki kwenye tepu kubwa za Dar es Salaam. Kilichobaki mjini ni cha majumbani: sahani zilizonunuliwa, na zaidi kaseti, zikiwemo zilizorekodiwa ukumbini na mtu aliyekaa mbele na redio kaseti mapajani. Hizo za mwisho hazina nakala popote duniani.

CD na flashi

CD ya kiwandani na CD ya kuchoma ni ndugu kwa sura tu. Ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchoma haina vishimo: ina rangi ya kikemikali ambayo mwali wa leza uliibadilisha sehemu sehemu. Rangi hiyo haipatani na mwanga wala joto. CD iliyokaa miaka mitatu kwenye dashibodi ya gari mjini Tanga isihesabiwe kuwa ipo.

Kosa la pili ni kuogopa mikwaruzo ya chini na kutojali ya juu. Upande wa chini, unaong'aa, una zaidi ya milimita moja ya plastiki kabla ya kufika kwenye sauti, na mkwaruzo mwepesi hapo unaweza kung'arishwa. Upande wa juu, wenye maandishi, una rangi na varnishi nyembamba tu juu ya tabaka linaloakisi mwanga. Mkwaruzo wa hapo umekata sauti yenyewe na hakuna fundi wa kuirudisha. Stika za karatasi nazo zikianza kubanduka huondoka na tabaka hilo, kwa hiyo usiibandue kwa nguvu stika iliyokwisha kushika.

CD isiyosomeka kwenye deki ya sebuleni ijaribiwe kwenye kompyuta mbili tofauti kabla ya kuitupa, maana lenzi moja huona kile ambacho nyingine haioni. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Nakili kwa programu inayosoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha, kama Exact Audio Copy, ambayo ni ya bure. Programu ya kawaida ya kuchezea muziki hujaza pengo kimya kimya, nawe hujui umepewa wimbo wenye viraka.

Flashi na memori kadi huhifadhi sauti kama chaji ndogo za umeme, na chaji huvuja taratibu hasa kifaa kikikaa miaka bila kuchomekwa. Lakini kwa kawaida flashi haifi kwa kuvuja. Hufa ghafla, saketi yake ya ndani ikikatika, na vyote huondoka kwa siku moja. Kuna pia balaa la flashi za bandia. Imeandikwa GB 512, inauzwa kwa bei ya chai, ndani ina 8 au 16 tu. Unapoijaza haikatai. Huandika juu ya ulichoandika mwanzo, majina ya mafaili yanaonekana yote, na ukija kuyacheza ni kelele. Kabla ya kuamini flashi mpya ijaze kwa programu ya majaribio kama H2testw, ambayo huandika hadi mwisho kisha husoma tena. Inachukua masaa, lakini ni mara moja tu.

Kaseti

Ndani ya kaseti kuna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81 uliopakwa unga wa sumaku, unaopita mbele ya hedi, kichwa cha mashine kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Philips waliutoa mpango huo mwaka 1963 na haujabadilika, ndiyo maana kaseti ya 1972 na ya 1998 zinaingia mashine ileile. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa mita 86 hivi wenye unene wa karibu mikroni 16 hadi 18. Ya dakika 90 ina utepe mrefu zaidi uliobanwa kwenye nafasi ileile, kwa hiyo unene hushuka hadi kama mikroni 12, na ya 120 hufika 9. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kaseti za 120 ndizo zilizopendwa kwenye arusi kwa kuwa mtu hageuzigeuzi, na ndizo zinazoliwa na mashine kuliko zote.

Unga wa sumaku wenyewe ni mstahimilivu. Vinavyochoka ni vitu vidogo vinavyouzunguka, na vingi vinatengenezeka mezani kwa bisibisi ndogo ya nyota.

Cha kwanza ni kipande cha sufi kilichobandikwa kwenye kichuma chembamba katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuusukuma utepe uguse hedi. Gundi yake hukauka, sufi hudondoka, na sauti inaanza kufifia na kurudi kama mtu anayefungua na kufunga dirisha. Wengi husema kanda imefutika. Haijafutika. Chukua kaseti isiyo na thamani, ya mahubiri yaliyorudiwa au ya tangazo, toa kichuma chake na sufi yake, hamishia kwenye yako. Ganda lenye skrubu tano hufunguka dakika moja. Lifungue likiwa limelala juu ya meza, upande wa skrubu juu, usiligeuze, maana rola mbili ndogo za pembeni huruka. Ganda lisilo na skrubu limeunganishwa kiwandani kwa joto. Hilo hupasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, taratibu, kisha magurudumu na utepe vinahamia kwenye ganda la skrubu.

Kanda inayolia kama mlango usio na mafuta, au inayokwenda kwa kujivuta, mara nyingi imefungika kwa kubana mno. Usiicheze kwanza. Ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe hadi mwanzo kwenye deki yenye nguvu, kisha igongegonge kibapa kwenye kiganja ili tabaka zilegee. Ikikataa, karatasi mbili laini zilizo kati ya magurudumu na ganda zimechoka, na dawa ni ganda jipya. Kalamu ya biki yenye pembe sita inaenea kwenye tundu la gurudumu na inafaa kukaza utepe uliolegea. Kurudisha kanda nzima kwa biki ni kujichosha na kuufunga utepe ovyo.

Utepe uliokatika huungwa kwa utepe maalumu wenye gundi wa kuungia tepu, upande wa ndani usiogusa hedi. Selotepu ya dukani, usithubutu. Kwa joto la pwani gundi yake hutoka pembeni baada ya miezi, inashika tabaka la juu yake, na siku ya kucheza utepe unachanika mahali papya.

Sasa ukungu, adui wa hapa. Kuvu hukua hewa inapokaa juu ya unyevu wa asilimia 65 hadi 70 kwa muda, na Tanga hiyo ni hali ya kawaida, masika ndiyo usiseme. Tazama kupitia dirisha la kaseti: ukingo wa utepe uliozungushwa uwe mweusi au wa kahawia, ulionyooka. Ukiona vumbi jeupe, madoa ya kijivu au nyuzi kama za buibui, usiicheze hata kidogo. Ukiicheza, hedi itachukua kuvu na kuipa kila kanda itakayofuata. Itenge ndani ya mfuko, ikaushe wiki mbili kwenye boksi lenye silika jeli, zile chembe za kuvuta unyevu, kisha uipeleke nje ya nyumba ukiwa umefunika pua na mdomo, na uuzungushe utepe polepole ukipita katikati ya kitambaa laini kikavu. Kuvu iliyokauka hupukutika. Iliyo mbichi hupakaa.

Mashine

Mpira huoza hata kama haufanyi kazi, na kila redio kaseti na kila deki ina mpira sehemu mbili: belti zinazozungusha na rola inayobana utepe kwenye shafti. Belti iliyolegea huifanya sauti iyumbe. Belti iliyokufa kabisa hugeuka lami nyeusi inayonata kwenye vidole na kwenye magurudumu, na lami hiyo lazima isafishwe yote kabla ya belti mpya kuwekwa. Kupima belti usiyoijua, pitisha uzi njia yote belti inakopita, upime urefu wake, upunguze asilimia 5 hadi 10. Belti fupi kuliko hapo huvuta shafti na kuichosha mota.

Kanda kuliwa kuna sababu moja kubwa, nayo inafaa kueleweka maana watu huilaumu kaseti bure. Rola na shafti huusukuma utepe mbele kwa mwendo usiobadilika. Gurudumu la upande wa pili lina kazi ya kuupokea na kuuzungusha. Likichoka kupokea, kwa belti iliyolegea au gurudumu dogo la mpira lililoteleza, rola haijui: inaendelea kusukuma. Utepe unajaa, unatafuta pa kwenda, unajiviringisha kwenye rola. Rola iliyoganda kwa uchafu huzidisha, kwa kuwa utepe unanata juu yake badala ya kupita. Ikitokea, zima na uchomoe waya. Usibonyeze kitufe cha kutoa kaseti kwa nguvu. Fungua mfuniko, zungusha kwa kidole gurudumu zito lililo nyuma ya shafti, kinyume, utepe ujitoe wenyewe kidogo kidogo. Utepe uliokunjamana utacheza ukiwa na mikwaruzo ya sauti sehemu hiyo. Uliovutwa ukawa mwembamba hautarudi.

Hedi na shafti zisafishwe kila baada ya masaa kumi hivi ya kucheza, kwa pamba ya masikio na isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ile mafundi simu wanayooshea saketi. Spiriti ya hospitali mara nyingi huwa na mafuta, na sanitaiza ya mikono ina gliserini, vyote viwili huacha utando. Rola ya mpira ifutwe kwa maji yenye sabuni kidogo, ikauke, ndipo urudishe kanda. Uchafu wa kahawia utakaotoka kwenye pamba ya kwanza utakushangaza.

Baada ya usafi, ikiwa sauti bado ni nzito kama inatoka nyuma ya pazia, hedi imekaa mshazari. Kinanda na fidla hupoteza makali, besi inabaki. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja imekaza, nyingine ina springi chini yake, na hiyo ya springi ndiyo ya kurekebisha. Weka alama ya rangi ya kucha mahali ilipo kabla ya kuigusa. Unganisha njia mbili za sauti ziwe moja, mono, kwa sababu hapo kosa dogo husikika wazi zaidi, kisha izungushe kidogo kidogo, si zaidi ya robo mzunguko kila upande, hadi makali ya juu yafunguke. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine iliyokuwa mshazari itataka hedi yako iwe mshazari vilevile. Kwa hiyo hurekebishwa kwa kila kanda muhimu, halafu hurudishwa kwenye alama.

Kasi nayo ni mtego. Nusu ya sauti kwenye kinanda, yaani hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata, ni karibu asilimia 6 ya mwendo, na redio kaseti iliyochoka hupotea kiasi hicho bila shida. Nyuma ya mota nyingi kuna kitundu chenye skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza mwendo. Ipime kwa kaseti ya kiwandani ambayo wimbo wake unaujua ufunguo. Ila kuna kanda za ukumbini ambazo zilipotoka siku ileile: betri zilikuwa zinaisha, mashine ikapunguza mwendo wakati wa kurekodi, na leo ukicheza kwenye mashine nzima sauti ya mwimbaji inapanda taratibu hadi mwisho inafanana na ya mtoto. Usiihangaikie mota kwa ajili hiyo. Rekodi kama ilivyo, marekebisho yatafanyika kwenye kompyuta, juu ya nakala.

Anayenunua deki ya mtumba aende na kaseti mbili mfukoni. Irudishe na kuipeleka mbele mpaka mwisho, maana kasoro ya belti hujionyesha gurudumu likiwa limejaa. Pitisha ukucha juu ya hedi: ukikwama kwenye mtaro, hedi imelika. Mashine mpya za bei ndogo zenye waya wa USB zinapendeza dukani, lakini nyingi hubeba mtambo uleule wa bei rahisi ulionakiliwa kutoka kwa Tanashin ya Japani, mwepesi, wenye gurudumu la plastiki, na sauti huyumba. Deki nzito ya miaka ya 1980 yenye belti mpya inazishinda mbali, hata ukijumlisha gharama ya fundi.

Kurekodi kwenda kwenye kompyuta

Kabla ya kurekodi, ikiwa nyumba ina nakala mbili za kanda moja, zisikilize zote. Kaseti nyingi zilizouzwa mitaani zilikuwa nakala ya nakala, na kila kunakili kulipunguza makali ya juu na kuongeza mvumo. Inayotakiwa ni iliyo karibu na kanda mama, hata kama ganda lake limechubuka.

Sauti itoke kwa waya. Simu iliyowekwa mbele ya spika hurekodi jogoo, pikipiki na mwangwi wa chumba pamoja na wimbo. Deki ina matundu ya kutolea sauti nyuma. Redio kaseti isiyo nayo itatumia tundu la hedifoni, sauti ikiwa theluthi hadi nusu. Upande wa kompyuta tumia saundi kadi ya USB yenye tundu la laini, yaani la kupokea sauti ya deki. Tundu la maikrofoni la laptopu ni la ishara dhaifu, tena mara nyingi ni la njia moja, na litaikaba sauti.

Chagua biti 24 na kilohezi 48 au 96. Kwa 48, saa moja ya njia mbili ni karibu GB 1. Kwa 96 ni GB 2 na kidogo. Kaseti yenyewe haina cha kujaza 96, na 48 inatosha kwa kaseti za nyumbani. 96 iwekewe santuri na tepu kubwa. Hifadhi kwa WAV au FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote. MP3 ni ya kuwatumia watu, isiwe asili. Vilele vya sauti viishie kama desibeli 6 chini ya sifuri. Sauti ndogo inaweza kupandishwa baadaye, lakini iliyogonga sifuri imekatwa kichwa.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, ni hezi 50 za umeme wa nyumba zinazozunguka kati ya deki na chaja ya laptopu. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, na mara nyingi mvumo unakata papo hapo. Hii pia inakulinda umeme ukikatika katikati ya upande, ingawa deki itakuwa imesimama na upande itabidi uurudie.

Rekodi upande mzima bila kusimamisha, pamoja na ukimya na mtu anayekohoa na kutaja jina la bibi arusi. Usisafishe mvumo. Programu za kusafisha hula pia pumzi ya mwimbaji na mlio wa nyuzi, na hakuna njia ya kuurudisha baadaye. Faili safi ni nakala ya pili. Ya kwanza haiguswi. Piga picha jalada na lebo za pande zote mbili siku hiyohiyo, kwa sababu wino wa biki juu ya karatasi ya kaseti unafifia kuliko unavyodhani, na jina lililoandikwa hapo huenda ndilo pekee linalosema nani alipiga fidla.

Santuri

Kwanza ujue una sahani gani. Za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, ni za shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe: nzito, hupasuka kama kigae. Za 45 na za 33 ni za plastiki ya vinaili na hujipinda kidogo mkononi. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Spiriti huiyeyusha shelaki. Mtu mwenye nia njema na chupa ya isopropili anaweza kufuta wimbo wa miaka 90 kwa mkono mmoja.

Osha vinaili kwa maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya betri ya gari yasiyo na asidi, na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwa lita. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi na chokaa, yakikauka huacha chembe ndani ya mifereji na sindano itazigonga moja moja. Lebo isilowe. Futa kufuata mfereji, suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni, ikauke ikiwa imesimama kivulini.

Sindano ndiyo suala lenyewe. Mfereji wa 78 ni mpana na unataka ncha ya mikroni 76 hivi. Wa 45 na 33 unataka 18 hadi 25. Ukiweka ncha ndogo kwenye 78 inazama chini kabisa, inakokota uchafu na kusoma kelele. Ukiweka kubwa kwenye 45 inapanda juu ya kingo na kuzikwangua. Na kuhusu sarafu inayowekwa juu ya kichwa cha mkono ili sahani isiruke: hiyo ndiyo iliyoua sahani nyingi za pwani. Katriji nyingi za sumaku, yaani vile vichwa vinavyoshika sindano, zinataka uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Sarafu moja inazidisha mara kadhaa. Sahani inayoruka ina uchafu, au mkono hauko sawa, au meza imeinama.

Katriji ya sumaku hutoa milivolti 5 hivi, ndogo mara nyingi kuliko laini ya deki, na sauti yake imepunguzwa besi makusudi wakati wa kukata sahani, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, iliyokubaliwa mwaka 1954. Ndiyo maana ukiichomeka moja kwa moja kwenye laini unapata sauti nyembamba kama ya mbu. Kati yake na laini lazima kuwe na kikuzaji cha fono, kinachokuza sauti na kuirudishia besi. Sahani za 78 nyingi zilikatwa kabla ya kanuni hiyo, kwa hiyo kwa hizo kikuzaji hukuleta karibu tu.

Upande wa sahani ya inchi 10 ya 78 unabeba dakika tatu hivi, na 45 hazizidi sana hapo. Nyimbo ndefu ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Rekodi kila upande faili lake. Kuziunganisha ni kazi ya nakala ya kusikilizia.

Tepu kubwa za magurudumu ni habari nyingine. Baadhi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imevuta unyevu na utepe hunata, unaacha matope kwenye hedi. Wataalamu huzipasha joto la nyuzi 54 hivi kwa masaa mengi kabla ya kuzicheza mara chache. Si kazi ya jiko la nyumbani, na tepu za kale za asetati hazipashwi kabisa. Ukiipata moja, iweke pakavu umtafute mwenye vifaa.

Pa kuweka

Friji hapana: ukitoa kaseti, matone ya maji hutua juu yake. Juu ya kabati hapana, joto la bati hushuka hapo. Kinachofaa ni boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na kwa boksi la lita 10 gramu 100 za silika jeli zinatosha kuanzia. Nunua ile ya rangi. Ikigeuka, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa masaa mawili matatu na uirudishe. Mchele uachwe jikoni. Hauvuti unyevu wa maana, una vumbi, na unakaribisha fukusi. Fungua boksi wakati wa kaskazi hewa ikiwa kavu kidogo, usilifungue mvua ikinyesha.

Kaseti zisimame kwa ukingo, kanda ikiwa imezungushwa hadi mwisho kwa mwendo wa kucheza, si wa kasi, ili tabaka zikae sawa. Sahani zisimame wima bila kuegemea, kila moja na mfuko wake. Spika kubwa ziwe mbali kwa angalau nusu mita, maana sumaku zake hazijui kanda ya nani.

Nakala za kompyuta ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye hadi diski ya nje inayochomekwa angalau mara mbili kwa mwaka, na moja kwa ndugu aliye mbali. Dodoma, kwa ukavu wake, ni mahali pazuri pa kuwa na ndugu. Kila mwaka fungua mafaili machache kwa bahati nasibu na uyasikilize hadi mwisho, si sekunde kumi za mwanzo.

Baada ya yote hayo, kaseti yenyewe haitupwi. Nakala ya leo imetokana na hedi ya leo na saundi kadi ya leo, na huenda kesho ukapata mashine bora. Vunja vijiti viwili vidogo vya plastiki vilivyo ukingo wa nyuma, ili mtu asije kurekodi juu yake kwa bahati mbaya, andika kwenye jalada tarehe uliyoinakili na jina la faili, irudishe boksini. Ukija kuhitaji kurekodi juu ya kaseti nyingine tupu iliyovunjwa vijiti, kipande cha selotepu juu ya tundu kinatosha, na hapo ndipo pekee selotepu ina kazi.